Kitambaa Juu ya Sola

Mara ya kwanza nilipoiona ile mashine ya kusafisha maji, ilikuwa imekaa kwenye stuli kati ya makochi mawili, sebuleni kwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama huko Ngoliba, na ilikuwa imefunikwa kitambaa. Si kitambaa cha kufutia vumbi. Kile cha kufumwa kwa uzi mweupe, chenye maua mekundu pembeni, ambacho mama zetu hufunikia redio, kochi, meza na televisheni isiyo na betri, na naamini wangewafunikia waume zao pia kama waume wangekubali kukaa kimya. Paneli yake ya sola, ile bapa nyeusi inayokula jua na kutoa umeme, ilikuwa na kitambaa chake cha peke yake, cha duara, kizuri kuliko vyote mle ndani. Ilikuwa imeegemezwa ukutani chini ya kalenda. Pazia lilikuwa limefungwa.

Niliuliza kwa nini imefunikwa.

"Isichomwe na jua," mwenyekiti akanijibu, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwa nini hatuli mkaa.

Ninapowasimulia watu, wao hucheka hapo. Mimi sikucheka. Boma chache kutoka pale kulikuwa na mtoto wa miaka minne ambaye uhai wake ulitegemea kioo kile kilichovalishwa kama bibi harusi.

Nataka nieleze kwa utaratibu. Nisipoeleza jambo kwa utaratibu silali, ndivyo nilivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sijaongeza mingi tangu hapo. Niliishi Ruiru, nikifanya kazi katika kibanda cha kuchaji betri za gari. Nyumba nyingi hazikuwa na stima, kwa hiyo watu walileta betri zao kwa baiskeli na mikokoteni, tukazichaji, wakazirudisha nyumbani zikawashe televisheni mpaka zife tena katikati ya taarifa ya habari. Mwenye kibanda, mzee Mwislamu aliyevaa kofia ya kufuma hata kwenye jua kali, aliniajiri kwa sababu, alisema, nilikuwa mtu wa kwanza kumwona akiosha nyaya.

Ni kweli. Niliosha nyaya. Nikilehemu waya, tone la risasi lisipotulia likawa duara, nililibandua na kulehemu upya huku mteja akinitazama na kupiga miayo. Shule niliiachia njiani, ada ilipogoma, na umeme nilijifunza kutoka kwa vitabu vilivyouzwa juu ya gunia mjini Thika. Kimoja kilikuwa kimepoteza kurasa za mwanzo na kingine za mwisho. Basi nayajua mambo ya katikati vizuri sana, na kila siku naogopa mtu ataniuliza la mwanzo au la mwisho.

Sasa Ngoliba. Ukishuka kutoka Thika, mashamba ya mananasi yanaisha, kisha kijani inaisha, kisha mvua nayo inapoteza adabu. Mto upo, lakini umetoka mbali, umepita miji na viwanda na mifugo, na kila mahali ulipopita watu wameupa kitu cha kubeba. Huko ndiko alikoolewa tata yangu. Tata kwa Kikuyu ni mama mdogo au shangazi. Huyu ni dada mdogo wa mama yangu. Alikaa miaka mingi bila mtoto, akasikia yote ambayo mwanamke wa namna hiyo husikia, kisha akampata mmoja, msichana. Msichana huyo, kufikia miaka minne, alikuwa amelazwa hospitali ya Thika mara mbili kwa kuhara. Mara ya pili daktari alimwambia tata bila kuzunguka kwamba mwili wa mtoto umechoka, na kwamba maji machafu yakimwangusha tena huenda asiinuke.

Tata akaanza kuchemsha. Kuchemsha kila tone kule ni kazi ya kijinga, kwa sababu kuni hakuna. Watu wamekwisha kuchoma miti yote wakatuuzia sisi wa mjini ikiwa makaa. Lakini alichemsha. Shida ni kwamba mtoto wa miaka minne hanywi kwao tu. Anacheza, anasikia kiu, anaingia nyumba yoyote iliyo karibu, anachukua kikombe kilichofunika mtungi, anachota, anakunywa, anatoka. Hakuna mtu wa kule atakayemnyima mtoto wa jirani maji. Nilimwona tata mara nyingi akiacha jiko, akiacha mgeni, akikimbia na sandali moja mguuni kwenda kumpokonya mwanawe kikombe mlangoni kwa watu. Majirani walianza kumnunia. Walisema anawaona wachafu.

Ndipo mashine ikaja.

Ulioileta ni mradi fulani, na aliyeuongoza kwetu alikuwa kijana wa mtaa wa Kahawa Sukari mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata nyanya. Sikuwapo siku hiyo, lakini tata aliniigizia mkutano mzima, na tata haongezi chumvi ila panapohitajika. Kijana aliweka sanduku la plastiki juu ya meza. Unamimina maji juu, yanapita kwenye chujio, halafu yanapita polepole kando ya taa maalumu ambayo mwanga wake unaua vijidudu, yanatoka chini yakiwa salama. Taa inakula betri ndogo, betri inakula sola. Hayo aliyasema haraka haraka. Alichokitilia mkazo ni kwamba inabebeka.

"Inabebeka!" alisema. "Hakuna mahali haifiki! Mama mmoja anaweza kubeba hii pekee yake!"

"Sisi tunabeba kila kitu," mama mmoja akamjibu. "Hiyo si habari."

"Hata wewe tunaweza kukubeba," akasema mwingine, na mkutano ukaangua kicheko.

Akamwita mama mmoja aibebe wapige picha. Yeye mwenyewe hakuigusa. Ilikuwa na vumbi. Kisha akasema kikundi kitajipangia jinsi ya kuitumia, akaingia garini, akaenda zake.

Kikundi kikajipangia, nacho kilijua mpango mmoja tu: mzunguko. Kila Alhamisi wanakutana nyumbani kwa mwanachama mmoja na kumletea vitu. Wiki hii mmoja anapata sufuria, blanketi na unga, wiki ijayo mwingine. Kila mtu huokota karatasi yenye namba kutoka kwenye sufuria, na zamu yako ikifika imefika. Ni mpango mzuri. Umejenga mapaa ya mabati na kusomesha watoto. Basi walipokabidhiwa mashine ya maji, hawakufikiri hata dakika moja, wakaiingiza kwenye mzunguko. Wiki moja kwako, wiki moja kwa mwenzako, na wengine wote wakingoja zamu yao huku wakinywa mto. Hakuna aliyeuliza kama kiu nayo inasubiri Alhamisi.

Tata aliokota karatasi ya mwisho.

Kwa kuwa kitu kizuri hukaa sebuleni, ilikaa sebuleni. Kila nyumba ilisafisha maji siku ya kwanza kwa chaji iliyobaki, labda na ya pili, kisha taa ikafifia na wenyeji wakasema imechoka. Wakaifunika ipumzike. Alhamisi wakambebea mwenye zamu inayofuata, wakiimba.

Tata alinitumia ujumbe kupitia mama mmoja aliyeleta ndengu soko la Ruiru: mashine imechoka, njoo. Nikaenda, nikaikuta kwa mwenyekiti, kama nilivyosema, chini ya maua mekundu.

Mwenyekiti alikuwa mama mkubwa mwenye mwendo wa polepole na macho ya haraka. Alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Wewe ndio fundi? Nilifikiri wataleta mwanaume."

"Mwanaume si alikuja," tata akasema. "Yule wa suruali."

Nilitoa vitambaa, nikavikunja vizuri, kwa sababu siwezi kuacha kitu bila kukikunja, nikabeba paneli nje. Wanawake wakaanza kuja mmoja mmoja. Nilipangusa kioo. Nikabana nyaya. Nikaigeuza paneli kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha kushoto tena, mpaka mama mmoja akauliza kama naitafutia mchumba. Betri ilikuwa imekauka kabisa. Tulingoja jua lifanye kazi yake, na wakati huo mimi nikafanya kosa la kuhutubu.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma usiku kucha na kuandika maneno yangu kwa Kiswahili safi ili nisidharauliwe. Nikawaeleza kuhusu mwanga wa urujuanimno, ule unaoua vijidudu. Nikawaeleza kwamba tope likizidi, mwanga haupenyi, kwa hiyo maji yaachwe yatulie kwanza. Nikawaeleza pembe ya jua. Nilikuwa naeleza kwa nini betri isiachwe ikauke aliponikatiza yule mama wa mchumba.

"Wee msichana. Inawaka ama haiwaki?"

Ikawaka. Ndani ya kile kijidirisha mwanga wa samawati ukatokea, mdogo, wa aibu. "Haiya!" wakasema wote. Mwenyekiti akapiga makofi mara moja, kama aliyemwamuru mtu.

Nilidhani nimeshika usukani, basi nikaomba jambo la pili. Nilisema, mbele ya wote, kwamba mwana wa tata ni mgonjwa na kwamba zamu yake iletwe mbele. Nilidhani ni ombi lisiloweza kukataliwa na mtu mwenye roho.

"Zamu ni zamu," mwenyekiti akasema. "Tukianza kuruka watu leo, kesho kikundi kimevunjika. Unafikiri ni mtoto wenu pekee anaendesha tumbo? Mjukuu wangu ameendesha wiki mbili."

"Na mashine ilikuwa hapa!" nikasema. "Ilikuwa hapa kwako, imefunikwa!"

Katika vitabu vyangu vilivyochanika hapakuwa na ukurasa wa kunifundisha kwamba mwanamke wa umri ule hasemeshwi hivyo barazani pake. Tata alinifinya mkono mpaka nikaona nyota. Lakini yule mama wa mchumba, ambaye zamu yake ndiyo iliyofuata, akasema tata achukue yake, yeye atachukua ya mwisho. "Nyumba yangu haina hata stuli ya kuiweka," alisema. "Itaniaibisha."

Nilirudi Ruiru nikijiona mshindi. Alhamisi nikachukua ruhusa, nikaenda kumtengenezea tata mpango usio na dosari. Nilipiga misumari fremu ya mbao ya kuegemezea paneli. Nilipanga mitungi kwa safu: ya kutulizia tope, ya kumiminia, ya maji safi, kila mmoja na alama yake ya rangi. Nilimfundisha tata kupangusa kioo kila asubuhi. Nilikunywa maji yale mimi mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, nikingoja tumbo liseme kitu. Halikusema. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na nilipoondoka niligeuka mara kadhaa barabarani kukitazama, kama mtu aliyeacha mtoto shuleni.

Siku chache baadaye, wiki hiyo hiyo, maji safi yakiwa yamejaa mitungini, mtoto akaanza kuhara.

Nilimkuta hospitali ya Thika, amewekewa dripu, macho yameingia ndani, midomo imepasuka kama udongo wa kwao. Tata alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda. Aibu yangu nitaisema kama ilivyokuwa: kabla sijauliza mtoto anaendeleaje, niliuliza kama taa ilikuwa ikiwaka. Nilikuwa nimejihukumu tayari. Nilikuwa nimeona kichwani waya niliousahau, chujio nililoliweka kichwa chini, kila kosa linalowezekana na machache yasiyowezekana.

"Taa ilikuwa inawaka," tata akasema. "Taa yako haina makosa. Alikunywa kwa jirani. Nilimwona akitoka huko akipangusa mdomo."

Nikasema basi jirani huyo aambiwe, akatazwe, afungiwe mlango.

"Yupi?" tata akaniuliza. "Ni nyumba ngapi nitafunga? Ulinipea maji kwangu. Kwangu yalikuwa safi tangu mwanzo, nilikuwa nachemsha. Shida yangu haikuwa kwangu."

Nilikuwa nimeitengenezea mashine fremu, safu na rangi, na sikuwa nimeona jambo ambalo lilikuwa likikimbia mbele ya macho yangu na sandali moja mguuni. Mtoto hangekuwa salama mpaka kila kikombe kwenye kila mtungi wa kila jirani kiwe na maji safi, vyote kwa wakati mmoja. Zamu ya kwanza au ya mwisho, yote ni bure.

Mtoto aliinuka. Polepole, lakini aliinuka, akaanza kuomba biskuti. Daktari akamwambia tata tena maneno yale yale, na safari hii hakumtazama usoni alipoyasema.

Mwezi uliofuata tukasikia wageni wanakuja. Wenye mradi walitaka kuona mashine inavyotumika, na kijana wa Kahawa Sukari alikuwa amemwambia mwenyekiti kwamba kama haitumiki itapelekwa kwa watu wengine wanaojua thamani yake. Kwa kuwa ilikuwa inabebeka, ingeondoka jioni hiyo hiyo. Hapo hofu ikaingia. Kikundi kikaisugua ile mashine kwa sabuni ya unga mpaka maandishi yakafutika. Mbuzi akachinjwa. Vitambaa vikafuliwa, vikapigwa pasi ya makaa, vikarudishwa juu yake.

Nilienda kwa mwenyekiti, ambako wageni wangepokelewa. Nilikuwa nimeandika hotuba nyingine, fupi na yenye sumu, ya kumweleza mgeni yeyote anayejua kusikia jinsi mwenyekiti alivyoigeuza mashine ya kuokoa watoto kuwa pambo la sebule. Niliiandika mara nyingi hata nikaipenda. Ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu.

Wageni walikuwa wawili, wazungu wapole waliochomeka nguo vizuri na kutabasamia kila kitu, hata mbuzi. Kijana wa Kahawa Sukari aliwatafsiria. Alitafsiri salamu ya dakika tano kwa maneno matatu, na wimbo wote kwa neno moja. Nyuma ya gari lao kulikuwa na kisanduku chenye barafu, na ndani yake chupa za maji kutoka dukani. Kila baada ya muda kijana alienda kuchukua moja, akapiga funda, akaificha chini ya kiti kama mtu anayeficha pombe kanisani.

Mashine ikafunuliwa kwa vigelegele, taa ikawaka, picha zikapigwa. Tata ndiye aliyepewa kazi ya kupitisha maji kwenye trei. Wageni walichukua glasi, wakatazamana, wakaonja kidogo sana, nawapa haki yao. Kijana akainua yake juu ili kamera iione, akasema, "Maji ni uhai!" kisha akaiteremsha taratibu chini ya kiti, kando ya chupa.

Tata hakuondoka mbele yake.

"Kunywa, mwanangu."

"Nitakunywa, mama. Nimetoka tu kunywa."

"Umekunywa ya chupa. Nimeona."

Wanawake wakaanza kucheka chinichini.

"Mama, si ati naogopa. Ni tumbo yangu tu iko sensitivu."

"Hata ya mtoto wangu iko hivyo," tata akasema. "Na yeye umemletea hii. Kwani wewe ni mtoto wa nani?"

Akanywa. Alikunywa yote, akitazama juu ya kichwa cha tata, na koo lake lilipanda na kushuka kama la kuku. Nimekaa mbele ya watu wengi wenye elimu na suruali nzuri tangu siku ile, na nikianza kutetemeka huwa nalikumbuka koo lile.

Nilijua wakati wangu umefika. Nikaingiza mkono mfukoni. Lakini tata hakuwa amemaliza. Aliweka trei mezani, akageuka, na akamwelekea mwenyekiti, si wageni.

"Mwenyekiti, mimi niko na ombi. Hii sanduku inatembea sana. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama kuku wa kuuza. Kitu ya heshima haizungushwi hivyo. Naomba ikae kwako."

Mwenyekiti akakunja macho. "Ikae kwangu aje?"

"Siku zote. Boma yako iko juu, jua inaanza hapo asubuhi. Na wewe ndio unajua kutunza kitu. Ikae hapa nje, mahali kila mtu akipita barabara anaiona. Sisi tutaleta mitungi kila siku, tuchukue maji. Halafu zamu ibaki, lakini iwe ya kuichunga. Kila wiki mmoja wetu anakuja kusaidia wewe."

"Na zamu yako ya kukaa nayo?"

"Yangu nilimaliza."

Mwenyekiti aliwatazama wageni, akatazama kamera, akavuta kitambaa cha kichwa chake kikae sawa. "Basi kama kikundi kimeamua," alisema, ingawa kikundi hakikuwa kimefungua mdomo, "mimi nitakataa nikiwa nani?"

"Na hizo vitambaa?" akauliza yule mama wa mchumba, aliyejua kuchokoza. "Si mashine italala uchi huko nje?"

"Vitambaa vikae chini yake," tata akasema. "Mgeni unamtandikia chini. Ukimfunika mpaka kichwa, huyo amekufa."

Walicheka mpaka wageni wakaomba watafsiriwe, na kijana akawaambia kwamba akina mama wanashukuru.

Nilirudi nyumbani na hotuba yangu mfukoni, nimekasirika kiasi kwamba nilipofika Ruiru niliwasha chaja bila kuunganisha betri. Nilitaka mwenyekiti aaibishwe. Badala yake alikuwa amepewa mashine, maji, jina, na wanawake wa kumfagilia uwanja kila wiki, na aliyempa vyote hivyo ni mtu aliyekuwa na haki kubwa kuliko wote ya kumtukana. Nilimwambia tata hivyo nilipomwona tena.

"Unataka maji ama unataka kushinda?" akaniuliza.

Nilisema nataka vyote viwili. Bado nataka vyote viwili, na sioni kwa nini mtu achague.

Basi mpaka leo sanduku lile linatawala uwanja wa mwenyekiti. Sola imelazwa juu ya kibanda cha kuku, juu ya kitambaa cha duara kilichopigwa jua mpaka kikawa rangi ya chai. Imeelekezwa vibaya. Najua imeelekezwa vibaya, kila nikipita mikono inaniwasha, na nilipojaribu kuigeuza kidogo mwenyekiti alinipiga kofi mkononi na kusema, "Hapo ndipo inaonekana kutoka barabarani." Fremu yangu ya mbao waliichoma kuni. Lakini kila asubuhi wanawake wanapanda pale na mitungi yao ya maji yaliyotulia, wanapiga foleni, wanagombana, wanasengenya, na kila mmoja anateremka na maji safi kwenda nyumbani kwake. Tata anatembea mbali kuliko wote.

Mtoto mwanzoni aliyakataa. Alitema mate, akasema hayana ladha. Nikamwambia hiyo ladha anayoikosa ni kinyesi, na tata akanifukuza jikoni.

Mara ya mwisho nilipowatembelea tulikuwa tumeketi kivulini mbele ya nyumba, tukichagua mawe kwenye ndengu. Mtoto alikuwa akicheza na wenzake barabarani. Nikamwona akiachana nao, akikimbia moja kwa moja mpaka nyumba ya jirani, akiingia bila kubisha. Niliruka. Ndengu zikamwagika kutoka kwenye ungo wangu, na nilikuwa nimekwisha kuvaa kiatu kimoja.

"Wee, unaenda wapi?" tata akauliza.

"Ameingia kule. Atakunywa."

Mtoto akatoka, akipangusa mdomo kwa nyuma ya mkono, akarudi kwenye mchezo wake.

Tata alimtazama, akatupa jiwe dogo kando, akaendelea kuchagua. "Keti," akasema. "Na uokote ndengu zangu."